Wimbo Mmoja wa Mabibi-arusi Wote

Mpendwa Baba,

Jana Riziki alirudi nyumbani amenuna. Huyu humjui, uliondoka kabla hajazaliwa. Ni binti wa mwanangu wa pili, ana paji lako la uso na haraka yangu mimi, na mwezi huu anaolewa hapa hapa Baraka. Alikuwa amekwenda kuwasikiliza vijana wa muziki watakaopiga siku ya ndoa yake. Alivua viatu mlangoni, akaja kukaa chini karibu na sufuria yangu ya sombe, majani ya muhogo, akaniambia mimi bibi yake, kama mtu aliyeibiwa: "Koko, bale bantu hawana nyimbo. Beko na wimbo moja tu. Banabadirishaka jina tu ya bibi-arusi."

Baba, nilicheka. Nilicheka mpaka mwiko ukaniponyoka ukaingia majivuni, na Riziki akazidi kununa akidhani namcheka yeye. Nilikuwa nakucheka wewe. Nilipopata pumzi nilimwambia nitamjibu, lakini kwanza nina mtu wa kumwandikia. Ndiyo maana leo nimekaa hapa nje, miwani puani, sombe nimemwachia yeye aitwange.

Unakumbuka walivyokuita Fundi? Kuanzia Baraka hadi Lweba, na hata Makobola, hakuna ndoa iliyopangwa bila mtu kuuliza kwanza kama Fundi ana nafasi. Gita lako ulitoka nalo Albertville, ulikokuwa ukibeba mizigo bandarini kabla mimi sijajua kutembea. Lilikuwa na ufa chini ya tundu, ukauziba kwa utomvu wa mti, na utoto wangu wote unanukia utomvu ule, maana nilipenda kuweka sikio langu pale ubaoni wakati unapiga. Hukunifukuza hata siku moja. Ulisogeza kiwiko tu ili kichwa changu kipate nafasi, ukaendelea. Upande wako wa kulia alikaa Assani na chupa yake na msumari wa kuigongea. Assani hakuwa mtu wa maneno mengi. Chupa ndiyo iliyomsemea.

Na wimbo ulikuwa mmoja.

Sikusingizii, Baba, wewe mwenyewe unajua. Ulianza kwa kuuliza, "Nani huyo anakuja?" na wamama wote uwanjani wakajibu, "Ni mutoto yetu!" Ukataja jina la bibi-arusi, na la baba yake, na la kijiji chake. Kisha ukamsifu: macho makubwa, mwendo wa pole pole, meno kama maziwa. Kisha gita likashuka likawa linanong'ona, ukaimba kwamba njia ni ndefu na miguu ina vumbi, "Mutatupa nini?" Hapo watu wa upande wa bwana-arusi, waliokuwa wakingoja nje ya ua, walipiga kelele, "Tuko na kuku!" wakaingia na kuku wao, majembe yao na vikwembe vyao, zile nguo za kitenge, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Wakishaingia, Assani aliigonga chupa kama mtu anayefukuza nyoka, na hapo hata wazee wenye magoti mabovu walisimama kucheza.

Hivyo ndivyo ulivyowaimbia wote. Warefu, wafupi, wenye meno na wasio nayo.

Na laiti ungeishia kwenye ndoa! Kapita wa pamba, yule msimamizi wa mashamba, aliponunua baiskeli alikuita umwimbie, maana alitaka mji wote ujue. Ulifika na Assani, ukapiga, "Nani huyo anakuja?" wamama wakajibu kwa mazoea, "Ni mutoto yetu!" halafu ukaisifu baiskeli ya watu kwa macho makubwa na mwendo wa pole pole. Kapita alikasirika. "Fundi, mi nimenunua kitu ya mbio, we unasema mwendo pole pole?" Ulimjibu bila hata kuacha kupiga: "Bwana kapita, huyu angali bibi-arusi. Mbio atajifunza kwako." Watu walicheka, na kapita mwenyewe akacheka mwishowe, akakupa chumvi.

Makobola ilikuwa hatari zaidi. Juma lililotangulia ulikuwa umemwimbia Nyota wa Lweba, na vidole vyako pamoja na ulimi wako vilikuwa bado Lweba. Ulisimama mbele ya bibi-arusi wa Makobola, aliyeitwa Zabibu, ukaimba "Nyota, Nyota, macho makubwa," kwa moyo wote. Wamama wa Makobola wakaitikia. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesikia. Alimshika mwanawe sikio mbele ya wageni: "Nyota ni nani? Niambie sasa hivi, Nyota ni nani?" Maskini yule kijana hakumjua Nyota wala kivuli chake. Mama yangu alisema ulirudi nyumbani na kuku mmoja badala ya wawili.

Lakini kilichoniuma mimi kilikuwa ng'ombe.

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimeanza kujitazama kwenye maji ya beseni. Alishuka mchungaji mmoja kutoka juu, njia ya Minembwe, na siagi yake na ng'ombe jike aliyemleta kwa rafiki yake hapa Baraka. Rafiki huyo kwa furaha akakuita. Nami nikaja nyuma yako kama kawaida. Na hapo mbele ya macho yangu, Baba, ulimwimbia ng'ombe! Macho makubwa, mwendo wa pole pole. Hata "meno kama maziwa" hukuiacha, ukaigeuza kidogo tu ikawa maziwa yenyewe. Nikasema kwa sauti, na kila mtu akasikia, kwamba ni aibu kuwaimbia ng'ombe wimbo wa mabibi-arusi. Yule mchungaji alinitazama kwa upole, fimbo yake mabegani, akasema, "Mutoto yangu, kwetu juu ni ng'ombe anaimbiwaka kwanza. Bibi-arusi akiimbiwa ile ya ng'ombe, mama yake analia na furaha." Wewe ulicheka mpaka ukakosea nyuzi. Mimi sikucheka. Niliapa moyoni kwamba siku yangu ikifika, sitaimbiwa kilichoimbiwa ng'ombe.

Halafu likaja lile gramofoni la dukani kwa Selemani. Sisi wasichana tulikwenda kununua mafuta ya taa, tukakaa hapo hadi tukasahau mafuta yenyewe. Sahani za muziki zilizotoka Léo, huko mji mkuu, zilikuwa zikizunguka, magita matatu yakiongea kwa pamoja, na mimi nikaona dunia imefunguka. Nilirudi nyumbani na kukuambia huko ndiko kuna wanamuziki wa kweli. Hukukasirika. Ulikuja nami kesho yake, ukakaa kwenye gunia, ukasikiliza sahani zote za Selemani ukiinamisha kichwa upande mmoja. Tulipotoka ulisema, "Umesikia? Hii inaanza na kuita musichana. Ile inaanza na kuita musichana. Kisha polepole, kisha mbio. Hata bale ba Léo beko na sombe moja, ni sufuria tu inabadirika."

Nikakuambia unajitetea. Mama, aliyekuwa akisonga bugali, aligeuka na mwiko mkononi. "Na mimi? Bugali ya leo si ile ya jana? Mbona hauliaki?" Nikanawa mikono, maana nilikuwa na njaa.

Kisha akaja Alimasi wa Lweba, mkamuaji wa mawese. Baba, nisizunguke, nilimpenda. Nilimpenda tangu siku ya kwanza alipotua madebe yake ya mafuta uani kwetu, akakanyaga kwa uangalifu ili asichafue mahali nilipofagia. Kidole chake kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda, shoka lilimpata akikata michikichi. Nilikitazama kidole hicho kwa sababu niliona haya kumtazama usoni. Watu wake walikuja, mambo yakazungumzwa, wewe ukakubali. Siku ya ndoa ikapangwa. Na hapo ndipo nilipokuja kwako ukiwa unafunga uzi mpya wa gita, nikasimama mikono kiunoni.

"Baba," nilikuambia, "mi sitaki kuimbiwa ile ya banawake bote. Mi niko mutoto yako. Nipe yangu."

Nilitegemea utanitania. Ulisema tu, "Ni haki yako," ukaendelea kukaza uzi.

Sijui kama unajua ni kiasi gani nilikusikia siku zile. Ulikwenda kukaa kwenye ule mtumbwi uliopasuka, uliokuwa umevutwa juu ya mchanga, Assani mbele yako kwenye jiwe. Mimi nilikuwa naanika ndagala karibu, nikijifanya kiziwi. Ulianza sauti mpya, nzuri, inapanda kama mtu anayepandisha kilima cha Fizi, kisha katikati vidole vikateleza, na tazama, tuko tena kwenye "Nani huyo anakuja?" Ulilaani. Ukaanza upya. Vidole vikarudi palepale. "Vidole yangu iko sawa na ng'ombe," nilisikia ukimwambia Assani, "magaribi inarudi kwabo tu." Assani naye alikuwa na mashaka yake. "Fundi, chupa yangu haijue hii njia. Nigonge wapi?" Ukamwambia agonge atakaposikia moyo wake. Assani akafikiri, akaiweka chupa chini, akalala usingizi.

Mama alikuonea huruma. Alileta mihogo ya kuchoma pale mtumbwini, akaniangalia mimi jicho la kusema, umeona ulichomfanyia baba yako? Lakini nami nilikuwa nimekaza. Kila nikikumbuka yule ng'ombe, nilikaza zaidi.

Na siku ikafika.

Riziki hajui mambo ya zamani, kwa hiyo itanibidi nimweleze: bibi-arusi wakati ule alifunikwa kikwembe kichwani hadi kifuani, akaketishwa mkekani, na hakutoa sauti. Hakusema, hakucheka, hakukohoa hata kama pilipili ilikuwa inakaangwa. Kinywa chake kilifungwa mpaka watu wa mume watoe kuku mmoja wa pekee, kuku wa kinywa, na shangazi wa mume amwambie, "Sasa ongea." Mimi mwenye mdomo huu! Mama alisema hofu yake siku ile haikuwa chakula kutotosha, ilikuwa mimi.

Chini ya kikwembe kile nilikuwa naona miguu tu. Miguu ya wamama wetu ikipanga mstari. Miguu yako, umevaa viatu vile vya turubai ulivyovipaka chaki. Miguu ya Assani isiyotulia. Na mbali kidogo, nje ya ua, chini ya michongoma, miguu ya watu wa Lweba imejaa vumbi, vidole vimeelekea kwetu. Katikati yake niliona kidole kimoja kikubwa kilichopinda. Moyo wangu ulikuwa unapiga hadi nikahisi kikwembe kinatikisika.

Ukaanza. Na haikuwa ile.

"Sikio yako iko kwa mubao ya gita yangu, mwanangu." Ndivyo ulivyoanza, Baba, nami sijasahau hata neno. Ukaimba kwamba mimi ndiye niliyelisikia gita lile kutoka ndani, wengine wote walilisikia kutoka nje. Ukaimba siku niliyokung'ata mkono ukinitoa mwiba. Ukaimba jinsi nilivyokuwa nikikataa kulala mpaka nikusikie, na jinsi ulivyopiga hata ukiwa na homa. Hapakuwa na macho makubwa humo, wala mwendo wa pole pole. Nilikuwa ni mimi. Chini ya kikwembe machozi yalinimwagika hadi kidevuni, na sikuweza hata kuvuta kamasi kwa sababu ya ile sheria ya kimya.

Lakini uwanja ulikuwa umekufa.

Nilihisi kabla sijaelewa. Miguu ya wamama ilikuwa imesimama. Mmoja aliinua kisigino ili aanze kucheza, akakishusha. Hawakujua waitikie wapi. Ulifika mwisho wa ubeti, ukangoja kidogo, na hakuna aliyeingia, maana hukuwa umewaachia pa kuingilia. Chupa ya Assani iligonga mara moja mahali pasipo pake, ikanyamaza kwa aibu. Ukarudi kwenye sauti ileile, ukazunguka. Ukazunguka tena.

Na kule nje ya ua, watu wa Lweba walikuwa wanangoja kuitwa. Hakuna wa kuwaita. Wao walijua jambo moja, kama sisi sote tulivyolijua: gita likinong'ona na Fundi akiuliza "Mutatupa nini?" ndipo mlango umefunguliwa. Asipouliza, mlango umefungwa. Nikamsikia shangazi yake Alimasi, yule mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa.

"Tokea lini Fundi haulize?" alisema. "Hii si wimbo ya kutoa mutoto. Munasikia? Anaimba mutoto alivyolala kwake, alivyokula kwake. Huyu mubaba anatukatala!"

Mwanamume mmoja akasema wangoje. Shangazi akajibu kwamba wao wa Lweba hawakutembea njia yote ile kuja kufukuzwa kwa gita. "Tubebe bintu yetu. Twende."

Baba, mimi niliiona miguu ikigeuka. Moja baada ya nyingine, visigino vikaja upande wetu, vidole vikaelekea njiani. Kuku akapiga kelele akiokotwa. Kile kidole kilichopinda kilibaki bado kinanitazama, kikasita, kisha mkono wa mtu ukamvuta Alimasi, nacho kikaanza kugeuka.

Na wewe ulikuwa bado unazunguka kwenye sauti ile nzuri isiyokuwa na mlango.

Hapo nilifungua mdomo. Sikufikiri. Nilipaza sauti kutoka ndani ya kikwembe, sauti yenye machozi na kamasi, "Nani huyo anakujaaa?"

Wamama waliruka. Naapa waliruka. Lakini midomo yao ilikuwa imejibu kabla vichwa havijashangaa: "Ni mutoto yetu!" Vidole vyako, wale ng'ombe wa jioni, vilirudi zizini palepale, hata hukukosa uzi mmoja. Nikataja jina langu mwenyewe. Nikataja jina lako na la Baraka. Nikajisifu, Baba! Nikaimba kwamba nina macho makubwa, nami nimefunikwa sionekani, na watu wakaanza kucheka. Nikaimba mwendo wangu ni wa pole pole, na Mama akapiga kigelegele cha mtu anayejua kwamba huo ni uongo. Gita likashuka, likanong'ona. Nikauliza kwa niaba yetu sote, "Njia iko murefu, miguu iko na vumbi. Mutatupa nini?"

Ikaja sauti moja ya mwanamume, imepasuka kwa haraka, sauti ya Alimasi ambaye kwa desturi hakupaswa kujibu mwenyewe: "Tuko na kuku!"

Na wote wakapiga kelele baada yake, na miguu ile yote ikageuka kwa mara moja ikaja mbio, vumbi likanifikia puani. Assani aliigonga chupa hadi ikapasuka. Aliokota nyingine ya lutuku, ile pombe kali, akammwagia jirani kilichobaki ndani yake, akaendelea.

Tulipotulia, shangazi wa Lweba alisimama katikati ya uwanja, yule kuku wa kinywa kwapani mwake. "Ngojeni kwanza," alisema. "Kuku ya kinywa inatolewaka kwa kinywa yenye imefungwa. Huyu yake iko wazi tangu mwanzo! Mi narudi na kuku yangu." Watu walivunjika mbavu. Mama akafunika uso kwa mikono. Wewe ulinyanyuka, gita mgongoni, ukamwendea na heshima zako zote.

"Mama wa Lweba," ulisema, "uko na haki. Kuku ya kinywa, rudi nayo. Lakini miaka yote, aliyeimba ile wimbo munamupatiaka kuku. Leo nani aliimba?"

Shangazi akakutazama, akanitazama mimi ndani ya kikwembe, akacheka kicheko kile cha ng'ambo ya ziwa. Akaja akaniwekea kuku mapajani. "Shika, fundi," akaniambia. Kwa hiyo mwanao aliingia Lweba akiwa na kuku wa mwanamuziki, na Alimasi akitaka kunitania aliniita Fundi, hadi alipofariki nami nikarudi hapa Baraka.

Nilipokuwa naondoka uliniinamia ukaninong'oneza, "Sasa iko yako. Bote nilibaimbia. We peke yako ulijiimbia." Niliona umenishinda. Niliomba wimbo usiokuwa wa wengine, nikapewa uleule wa wengine, nao ukawa wangu kuliko vyote.

Lakini ule mwingine, Baba, ule wa mtumbwini, ulinisumbua. Niliukata katikati. Nina beti mbili tu, nimeziimba nikitwanga, nimeziimba nikibembeleza watoto saba, nikifika ubeti wa tatu nanyamaza. Kila nilipokuja Baraka kukusalimia nilikuuliza, "Baba, mwisho wake ulikuwa gani?" Nawe kila mara ulijibu kitu kilekile, maana kurudia ndiyo ilikuwa kazi yako: "Mwisho uliimba weye." Nilidhani unanitania. Nilinuna kama Riziki alivyonuna jana.

Ulipokwisha kutuacha, nilikaa na Mama siku moja tukichambua mchele, nikamwambia jambo linaloniuma ni kwamba umeondoka na ubeti wa tatu. Mama aliweka ungo chini. Alicheka hadi akakohoa, nikampigapiga mgongoni.

"Ubeti gani?" alisema. "Hakukuwa ubeti. Asubui ya ndoa yako baba yako alikuja kwangu jikoni. Akasema, Mama, sina mwisho. Nimetafuta, nimekosa. Nitaimba zile mbili, kisha nitazunguka tu mupaka mutoto aniokoe. Nikamuambia, we uko mwazimu? Bibi-arusi haimbake! Na kama ananyamaza, na bantu ba Lweba banarudi kwabo?"

"Akasema nini?" nikamuuliza.

"Akasema, ataimba. Ile sikio mi niliilea kwa mubao."

Nilikaa na mchele mkononi, Baba. Kumbe muda wote ule ukizunguka hukuwa umepotea. Ulikuwa unaningoja. Uliiweka ndoa yangu nzima juu ya mdomo wangu, mdomo ambao dunia yote iliniomba niufunge, na wewe peke yako ulikuwa na hakika utafunguka. Nimefurahi mambo mengi maishani, lakini sijui kama nimewahi kufurahi kama siku ile, mchele ukinimwagika kwenye vidole.

Riziki amemaliza kutwanga, ananiita. Anataka jibu lake. Nitamwambia awaache wale vijana na wimbo wao mmoja, awe tu na koo safi siku hiyo. Nami nitaketi karibu na yule anayepiga gita. Akianza kuzunguka, nitajua anamngoja nani.

Lala salama, Baba, na huko uliko, usiwabadilishie wimbo.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
fundi wa siku moja